Ahadi Iandikeni: Nasaha kwa Vijana wa Madikoni



Nawaandikia nyinyi mnaokula na kuvaa kwa bahari: mabaharia wa Nungwi na Mkokotoni, wachokoaji pweza wa Mtende na Kizimkazi, wachemshaji dagaa wa Kama, wakulima wa mwani wa Paje, Jambiani na Bweleo, na ndugu zenu wa Pemba kuanzia Kisiwa Panza hadi Tumbe. Nawaandikia pia mliokwenda mjini kusoma, maana nyinyi ndio mnaoulizwa na wazee wenu kila mnaporudi likizo: hivi serikali imesema nini juu ya uvuvi, na sisi tushike lipi?

Tangu Serikali ya Awamu ya Nane iingie madarakani Novemba 2020, kila baraza ya pwani imekuwa ikizungumza uchumi wa buluu. Rais Hussein Ali Mwinyi aliupa uvuvi wizara yenye jina hilo, Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, na Zanzibar ikawa na sera yake ya uchumi wa buluu. Zikafuata ahadi moja baada ya nyingine: boti za faiba, mikopo nafuu, madiko ya kisasa, vyumba vya baridi, viwanda vya samaki na mwani, na uvuvi wa bahari kuu. Baadhi tumeziona kwa macho. Baadhi bado tunazisubiri.

Nimewasikiliza jinsi mnavyozipokea, na nimeona makundi matatu. Wapo waliopiga vigelegele siku ileile na kuanza kugawana boti ambazo hata hazijashushwa bandarini. Wapo waliofyonya na kusema hayo ni maneno ya siasa, yamesemwa tangu enzi za babu zetu. Na wapo, hawa ndio wengi, waliouliza jambo moja tu: mimi nitapata nini?

Siwalaumu hata kundi moja. Anayeshangilia amechoka na shida na anataka kuona maisha yamebadilika. Anayebeza ana kumbukumbu: Shirika la Uvuvi la Zanzibar, ZAFICO, lilianzishwa kwa matumaini makubwa miaka ya 1970, likafifia, hata ikabidi lifufuliwe upya miaka ya karibuni, na TAFICO, shirika la uvuvi la Bara, lilipita njia hiyohiyo. Na anayeuliza atapata nini ana watoto nyumbani wanaosubiri chakula. Lakini kati ya makundi hayo matatu, hakuna hata moja linaloweza kuidai ahadi ikicheleweshwa. Wa kwanza ameridhika kabla ya kupewa, wa pili amekata tamaa kabla ya kudai, na wa tatu akishapewa kidogo hunyamaza.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni lina mdai na mdaiwa, lina kiasi na lina siku yake. Mdai asiyejua kiasi anachodai wala siku ya kulipwa hana cha kusimamia akienda kudai. Basi nasaha yangu kwenu ni hii: ahadi ya serikali juu ya bahari ijueni, iandikeni, idaini kwa adabu, na upande wenu muutimize. Mengine nitakayosema yote ni matawi ya jambo hilo moja.

Kwanza, zitenganisheni ahadi, kwa sababu hazifanani. Ipo ahadi ya vifaa: boti, mashine, nyavu, kamba na tai-tai za mwani. Hii hupokewa kwa ngoma, hupigwa picha, na huisha haraka. Ipo ahadi ya majengo: diko, soko, chumba cha barafu, kiwanda. Hii huchukua miaka, lakini ikikamilika huwafaa hata wasiojulikana na kiongozi yeyote. Diko na soko la Malindi pale mjini, lililojengwa kwa msaada wa Japani, halimuulizi mvuvi anatoka shehia gani. Na ipo ahadi ya kanuni: nani avue wapi, kwa nyavu gani, msimu gani, na nani azuiwe. Hii haipigiwi ngoma hata kidogo, na mara nyingi hupokewa kwa manung'uniko. Lakini mimi mzee wenu nawaambia, hiyo ya tatu ndiyo itakayoamua kama hizo mbili zitakuwa na faida. Boti bila ya kanuni humaliza samaki. Soko bila ya samaki ni jengo tu.

Mkisikia kiongozi ametaja uvuvi, basi, jiulizeni kwanza: ameahidi kitu, ameahidi jengo, au ameahidi kanuni? Kisha muulize la pili: ahadi hii iko mikononi mwa nani?

Hili la pili wengi wenu hamlijui, na si kosa lenu, hamjaelezwa. Uvuvi wa maji yetu ya karibu, yale ya maili 12 za baharini kutoka pwani, unasimamiwa na Zanzibar yenyewe kwa Sheria ya Uvuvi Namba 7 ya mwaka 2010. Kutoka hapo hadi maili 200 ni bahari kuu, na huko msimamizi ni chombo cha Muungano, Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, yenye makao yake Fumba, hapahapa Unguja, na inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2020. Meli ya kigeni ikitaka kuvua jodari huko, leseni inatoka kwenye mamlaka hiyo. Kwa hiyo mtu akikuahidi kuwa meli za kigeni zitaleta samaki wao kushusha Zanzibar, usimuulize sheha wala mjumbe wa kamati yako. Uliza Fumba imesema nini, leseni zimetolewa ngapi, na kwa masharti gani. Na mtu akikuahidi kuwa wavuvi wa juya watazuiwa kwenye miamba yenu, hapo usiisingizie Dodoma. Jambo hilo liko karibu nawe, na kamati ya wavuvi ya shehia yako ina sehemu yake. Kudai deni kwa asiyedaiwa ni kupoteza sauti yako bure.

Bahari kuu ina mali, hilo sibishi. Mwezi Machi 2009 meli ya Tawariq 1 ilikamatwa katika maji yetu ya uchumi ikiwa na karibu tani 300 za samaki, wengi wao jodari. Samaki wale walipata umaarufu hadi wakaitwa samaki wa Magufuli, kwa kuwa John Magufuli alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi wakati huo. Kesi ilichukua miaka, na mwaka 2014 washitakiwa wakaachiwa huru. Wengine walicheka, wengine walikasirika. Mimi nataka mkumbuke jambo moja katika kisa kile: mzigo wa meli moja ulikuwa mkubwa kiasi kile, na wavuvi wetu wa ngalawa walikuwa hawajawahi hata kufika ulipovuliwa. Ndiyo maana ahadi ya kuwapeleka vijana bahari kuu ni ahadi nzuri. Lakini kwenda bahari kuu kunataka chombo kikubwa, barafu ya siku nyingi, vifaa vya kuokolea maisha, na nahodha aliyesomea. Mkiambiwa mnapewa boti ya bahari kuu, muulize: inabeba barafu ya siku ngapi? Jibu la swali hilo ndilo litakalowaonyesha kama boti ile itakwenda kwenye jodari au itarudi kwenye changu na tasi walewale wa babu yako.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo penye hatari kubwa. Sensa ya mwaka 2002 ilitukuta hatujafika milioni 1 visiwani humu. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Ongezeni wageni wanaojaza mahoteli ya Nungwi, Kiwengwa na Paje, nao wanataka pweza, ngisi na kamba kila siku. Walaji wameongezeka karibu maradufu katika miaka 20, na miamba ni ileile. Bahari yetu ya ndani imekuwa kama kisima cha mtaa: ndoo zikiongezwa, foleni inakwenda mbio zaidi, lakini maji hayaongezeki. Kila boti mpya inayopewa kijiji na kuishia kuvua palepale vinapovua vyombo vya zamani ni ndoo nyingine kisimani. Si neema mpaka iwe imewapeleka mbele.

Na boti yenyewe si zawadi tu. Mwaka 2021 Tanzania ilipata mkopo wa masharti nafuu wa takriban shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, ili kujinasua na athari za UVIKO-19, na Zanzibar ikagaiwa shilingi bilioni 230. Sehemu ya fedha hizo ilikwenda kwenye boti za wavuvi na wakulima wa mwani. Mkopo ni mkopo. Utalipwa na nchi, maana yake utalipwa na nyinyi na watoto wenu. Nimeiona boti moja ya kikundi imelazwa juu ya magogo mchangani, mashine imefunikwa turubai. Ukilifunua turubai, mashine ni nzima, haina kutu. Kilichokwama ni watu: hawakukubaliana nani anunue petroli, nani awe nahodha, na fedha ya samaki igawiwe vipi. Katika vyombo vya wazee wetu mgao ulijulikana kabla chombo hakijasukumwa majini: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la nahodha, na mafungu ya mabaharia. Hakuna aliyegombana pwani mbele ya wachuuzi. Basi kabla hamjapokea boti ya kikundi, kaeni, muandike mgao, muandike nani atashika fedha ya matengenezo, na kila mtu atie saini. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya kupokea boti tu hufa siku boti inapofika.

Sasa nije kwenye kanuni, na najua hapa baadhi yenu mtanuna. Juya la kukokota limekatazwa. Bunduki ya kuchomea samaki imekatazwa. Kigumi, sumu na baruti vimekatazwa. Kila serikali mpya inapoingia, wako wanaongoja waone kama itafumba macho, na wako viongozi wadogo wanaoahidi chinichini kuwa wataifumba wakipewa kura. Ahadi ya namna hiyo mkiisikia, ikimbieni. Anayewaahidi kuwaachia mvunje matumbawe anauza chakula cha watoto wenu kwa kura moja.

Lakini pia sitaki kanuni ziwashukie kama mvua ya mawe. Tuliona Ziwa Victoria mwaka 2018, nyavu zikichomwa moto kwenye operesheni dhidi ya uvuvi haramu, na mwezi Juni mwaka huo maofisa wakaingia na rula hadi kwenye kantini ya Bunge kule Dodoma kupima samaki waliopikwa. Sheria ya kupima samaki ilikuwa na sababu yake, kwa kuwa samaki mchanga akivuliwa kabla ya kuzaa ziwa linakauka mali. Ila sheria ikija na moto bila ya mazungumzo, mvuvi huiona serikali kuwa adui, na siku askari akigeuka mgongo nyavu haramu zinarudi majini. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano na majirani wanaochangia ziwa hilo. Miezi mitatu si mchezo kwa mtu wa Kigoma anayeishi kwa migebuka na dagaa. Ila zuio lilitangazwa mapema, lilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, na ziwa likafunguliwa siku iliyosemwa. Kanuni yenye tarehe mtu huweza kujipanga nayo.

Sisi visiwani tuna mfano wetu wa kujivunia zaidi, nao ni pweza. Pweza jike huzaa mara moja tu katika maisha yake. Huingia shimoni, hutundika mayai yake juu ya jiwe, na tangu hapo hali tena. Anakaa kuyapulizia maji na kuyalinda hadi yanapoanguliwa, kisha anakufa. Ukimchokoa kabla ya hapo umechukua ukoo mzima kwa bei ya mmoja. Na pweza mchanga hukua kwa kasi ya ajabu; akiachwa wiki chache uzito wake unaongezeka maradufu. Ndiyo maana vijiji kama Kisiwa Panza kule Pemba vilikubaliana, vyenyewe, kufunga sehemu ya miamba kwa miezi mitatu na kuifungua siku maalumu. Siku ya kufungua pwani nzima hujaa, wanaume kwa wanawake, na pweza wanaotoka si wale wa kukaa kiganjani.

Lakini na hapo pana nasaha. Kufunga ni rahisi kuliko kufungua kwa haki. Mwamba ukishafungwa, wageni wenye mashine huja usiku. Siku ya kufungua huja matajiri na mizani yao na kupanga bei kabla jua halijachomoza, na wanawake waliokuwa wakichokoa pweza kwa mguu maji yakitoka hukuta pameshavuliwa. Kwa hiyo serikali ikiahidi kusaidia maeneo ya kufunga, msiombe kofia na fulana. Ombeni boti ya doria na mafuta yake, ombeni mahakama isizungushe kesi ya aliyekamatwa, na nyinyi kijijini pangeni mapema nani aingie kwanza na bei isishuke chini ya kiasi gani. Hapo ndipo ahadi ya serikali na wajibu wa kijiji vinapokutana.

Mabinti zangu, sijawasahau. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza kwetu mwaka 1989 upande wa Paje na Jambiani, na nyinyi na mama zenu ndio mliokibeba mpaka leo. Mwani ulisomesha watoto, ulijenga nyumba za matofali, ulimpa mwanamke wa pwani fedha ya mkononi mwake. Sasa maji ya karibu na ufukwe yamekuwa ya moto, na ule mwani wenye bei, kotoni, unakatika na kuoza maeneo mengi, umebaki spinosamu wa bei ndogo. Wataalamu wanasema suluhu ni kupanda maji ya kina. Basi mkiahidiwa boti za mwani, ulizeni kwanza: nani atatufundisha kuogelea? Wengi wenu hamjafundishwa, na kumpa boti ya kina kirefu mtu asiyejua kuogelea ni kumtia hatarini. Ulizeni pia juu ya bei. Kiwanda kikijengwa, kitanunua kwenu kwa bei gani, na nani ataitangaza kabla ya msimu? Na nyinyi wa dagaa, mnaochemsha na kuanika, mnajua kuwa mvua za masika zinapowakuta dagaa juani ni hasara tupu, na wanunuzi kutoka Kongo hawachukui dagaa aliyefanya ukungu. Chanja za kuanikia na banda la kukaushia havitaki mabilioni. Idaini ahadi ndogo inayotekelezeka mwaka huu kabla ya kukaa mkisubiri kubwa ya miaka kumi. Na msikubali kuitwa kwenye mkutano kupika chai tu. Kiti cha kamati ni chenu pia.

Sasa nirudi kwenye daftari, maana ndilo nililokusudia. Nendeni diko lolote alfajiri, vyombo vinaporudi. Samaki wamemwagwa juu ya turubai, dalali ananadi, wachuuzi wamezunguka na ndoo zao. Pembeni amesimama bwana diko na kitabu chake. Anamuuliza kijana: umevua nini, kwa nyavu gani, wapi, kilo ngapi? Kijana anaona anacheleweshwa, anajibu "samaki tu, weka kilo ishirini," na huku kavua zaidi, akihofia kodi. Kitabu kile ndicho kinachopanda hadi wizarani. Kwa kitabu kile hupangwa diko lipi lijengewe chumba cha barafu, shehia ipi ipewe boti, na mwamba upi umechoka. Ukimdanganya bwana diko leo, kesho serikali ikisema kwenu hakuna samaki wa kutosha kujengewa soko, utamlaumu nani?

Na kumbukumbu si za kupewa mgao tu, ni za kudai haki. Wavuvi wa Lamu, ndugu zetu wa mwambao wa Kenya, walipoona bandari mpya ya mradi wa LAPSSET inachimbwa katika maeneo waliyokuwa wakivua, hawakubaki kulalamika barazani. Walikwenda mahakamani, na mwezi Aprili 2018 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya, kwa wavuvi wapatao 4,600. Malipo yenyewe yalicheleweshwa miaka, na mvutano ulikuwa mrefu. Ila jiulizeni, mvuvi angethibitishaje kuwa alikuwa mvuvi wa eneo lile kama hana leseni, hayumo katika orodha ya diko, wala hana mtu aliyeandika jina lake? Karatasi ndiyo iliyowafanya wahesabiwe.

Kuna jambo jingine la kujifunza kwa mbali kidogo. Mwaka 2024 Senegal, nchi ya wavuvi kama sisi, ilipata serikali mpya iliyoahidi wakati wa kampeni kusafisha mambo ya uvuvi. Haukupita muda, mwezi Mei, wizara yake ikachapisha hadharani orodha ya meli zenye ruhusa ya kuvua katika maji yao. Haikutaka mkopo, haikutaka kiwanda. Ilitaka nia tu. Hiyo ndiyo ahadi ya kuidai mwanzo kabisa kwa serikali yoyote: tuonyesheni orodha. Nani amepewa leseni? Nani amepewa boti, na wa kijiji kipi? Fedha ya mradi ni kiasi gani na imetumika kiasi gani? Orodha ikibandikwa ubaoni kwenye ofisi ya sheha, maneno ya chinichini hupungua na wezi hupata tabu.

Basi katika kila diko wekeni daftari. Ukurasa mmoja kwa ahadi moja. Andikeni: nini kiliahidiwa, na nani, mkutano upi, tarehe ngapi, na kitakamilika lini. Kisha acheni nafasi ya kuandika kilichofanyika. Serikali ikitimiza, andikeni imetimiza, na mshukuru mbele za watu, maana asiyeshukuru watu hamshukuru Mungu. Isipotimiza, andikeni pia, na mwakilishi wenu akija kuomba kura msomeeni. Msimtukane wala msimfukuze. Msomeeni tu, kisha mumuulize: hili la ukurasa wa nne limefikia wapi? Kiongozi anayetukanwa anaondoka akiwa na haki upande wake. Kiongozi anayesomewa maneno yake mwenyewe hana pa kutokea.

Lakini msimsifu mtu kabla ya kazi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nimeona vijana wakikesha kutunga nyimbo za kusifu mradi ambao hata jiwe la msingi halijawekwa, na nimeona vijana wenzao wakiukataa mradi mzuri kwa sababu umeletwa na chama wasichokipenda. Wanangu, tumeumizana vya kutosha visiwani humu kwa rangi za bendera. Papa hajui chama. Upepo wa kusi ukivuma, unampiga wa huku na wa kule sawasawa, na chombo kikipinduka aliyezama huokolewa na aliye karibu, awe wa chama gani. Msikubali diko lenu ligawanywe mara mbili, kamati hii ya hawa na kamati ile ya wale, kwani siku hiyo hakutakuwa na mdai tena. Kutakuwa na makundi mawili yanayogombania ndoo moja ya barafu.

Mwisho, subirini, lakini subira yenu iwe na kazi ndani yake. Kiwanda hakijengwi kwa siku moja na mwamba uliokufa haufufuki kwa mwaka. Ila wakati mnasubiri kiwanda, mnaweza kuacha nyavu za macho madogo leo. Wakati mnasubiri mkopo, mnaweza kusajili kikundi na kuweka akiba. Wakati mnasubiri boti ya doria, mnaweza kumkataza mwenzenu anayebeba baruti. Nyinyi mnamjua kuliko askari. Serikali yoyote, iwe ya nane au itakayokuja baada yake, itawakuta mahali ilipowaacha ile iliyotangulia kama nyinyi wenyewe hamjasogea. Lakini ikikuta diko lenye daftari, kamati inayokutana, mgao unaojulikana na mwamba unaolindwa, haitaweza kuja na maneno matupu, kwa kuwa itajua kuwa hapa watu wanahesabu.

Kesho alfajiri mkishusha samaki, mpeni bwana diko uzito wa kweli. Jioni mkikutana barazani, nunueni daftari na mchague mwenye mwandiko mzuri, mwanamume au mwanamke. Anzieni hapo, mengine yatafuata. Mwenyezi Mungu awalinde na dhoruba, awape riziki ya halali, na awape ulimi wa kudai haki yenu pamoja na moyo wa kutimiza wajibu wenu.